Milango Iliyochorwa Ukutani

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya wazazi, walimu na vijana wa mtaa wetu hapa Dodoma. Baadhi yenu mlinipigia simu mkaeleza kwamba msingeweza kufika kwa sababu ya msiba, na wengine mlikuwa kazini. Kwa ajili yenu naiweka hotuba yote kama nilivyoitoa.

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, walimu wangu, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na dirisha, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii ya kuzungumza. Mlinipa swali moja, nami nalisoma kama lilivyoandikwa: "Je, gemu zinawaharibu watoto wetu?" Nitalijibu. Ila naomba mnivumilie nikilizunguka kwanza, kwa sababu naamini ndani ya swali hilo kuna swali jingine kubwa zaidi, ambalo haliwahusu watoto peke yao bali linatuhusu sisi sote tunaopanga foleni, tunaobofya simu, na tunaoambiwa kila siku kwamba huduma zimehamia mtandaoni.

Wengi mnanifahamu kwa ufundi wa simu. Wachache mtakumbuka kwamba kabla ya hapo nilikuwa na kibanda cha gemu kule Chang'ombe, chenye runinga tatu, mashine tatu za PlayStation 2 na benchi mbili za mbao. Kwa miaka sita nilisimama nyuma ya mabega ya watoto wa mji huu, nikiona wanachokiona na kusikia wanachokisema wanapodhani hakuna mkubwa anayewasikiliza. Mengi nitakayoyasema leo yametoka kwenye benchi zile.

Watoto wengi walicheza mpira, wawili kwa wawili, anayefungwa anampisha mwenzake. Lakini runinga ya pembeni, iliyokuwa na mstari wa kijani kwenye kioo, ilikuwa ya San Andreas. Gemu hiyo ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Rockstar Games, na wazazi mnaijua kwa sifa yake mbaya: kuiba magari, kupiga watu, kukimbizana na polisi. Sitaitetea katika hilo. Ni gemu ya watu wazima, na boksi lake linasema hivyo. Mimi niliwaachia watoto waicheze kwa sababu nilizitaka shilingi zao. Lilikuwa kosa langu, na nalikiri mbele yenu ili anayefungua kibanda leo asilirudie.

Pamoja na hayo, nataka mjue kilichowavuta watoto wale, kwa maana si wote waliovutwa na bunduki. Gemu za aina hii huitwa gemu za dunia wazi. Katika gemu za kawaida unapita njia moja: unamaliza hatua ya kwanza, unaingia ya pili, mpaka mwisho. Katika dunia wazi unapewa nchi nzima. San Andreas ni jimbo la kubuni lenye miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na baina ya miji hiyo kuna mashamba, misitu, jangwa na mlima mrefu uitwao Chiliad. Mhusika wake, Carl Johnson, akila kupita kiasi ananenepa, na akienda mazoezini mwili wake unajengeka. Gemu inakupa kazi za kufanya, lakini usipozifanya dunia haikufukuzi. Jua linachomoza, mvua inanyesha, magari yanapita, nawe unakwenda unakotaka.

Kulikuwa na mtoto mmoja, wakati ule yuko darasa la sita, aliyekuja kila Jumamosi na hela ya nusu saa. Sikumwona hata siku moja akifanya kazi ambazo gemu ilimpa. Alitumia memori kadi ya mwenzake aliyekwisha kufungua jimbo zima, akachukua baiskeli, akapanda Chiliad kwa njia za vumbi, taratibu, akianguka na kuinuka. Akifika kileleni aliiweka pedi mapajani na kutazama jua likizama. Siku moja nilimwambia, "Dogo, muda wako unakwisha, mbona huchezi?" Akanijibu bila kugeuka, "Nacheza, kaka. Naangalia kule chini."

Ndugu zangu, jibu lile nimekaa nalo miaka yote hii. Mjapani aliyebuni The Legend of Zelda ya mwaka 1986, Shigeru Miyamoto, ameeleza kwamba wazo lake lilitoka utotoni, alipokuwa akizurura kwenye vilima na mapango ya karibu na Kyoto. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1984, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu ya Elite iliyokuwa na galaksi nane, kila moja na mifumo ya nyota 256 ya kutembelea, yote ndani ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambayo isingetosha kuhifadhi hata picha moja kati ya hizi mnazotumiana kwenye WhatsApp. Ile hamu ya kutaka kujua nyuma ya kilima kuna nini haikuletwa na mashine. Watoto walikuwa nayo tangu hapo, na watu hao waliielewa kwa sababu nao waliwahi kuwa nayo.

Sasa nawauliza wazazi wenzangu. Mtoto yule wa Chang'ombe alikosa nini, hata akalipia kilima cha kuchorwa katika mji uliozungukwa na vilima vya mawe? Sisi tuliokulia hapa tulipanda mawe, tukaokota ubuyu, tukacheza mpira mahali ambapo leo pamejengwa fremu za maduka. Eneo la wazi linamegwa leo, linamegwa kesho, halafu tunakutana ukumbini kujadili kwa nini watoto hawatoki ndani. Watoke waende wapi? Nauliza kwa dhati, mwenyekiti: watoke waende wapi?

Mtoto huyohuyo ndiye aliyenipa jambo la pili, ambalo ndilo hasa lililonileta hapa. Alikuwa na tabia ya kushuka kwenye baiskeli na kwenda mlango kwa mlango katika mitaa ya Los Santos, akibonyeza kitufe cha pembetatu mbele ya kila nyumba. Nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa. Milango ilikuwa mizuri, yenye vitasa na vivuli vyake, lakini haikufunguka. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza kwamba waliotengeneza gemu wasingeweza kujenga ndani ya kila nyumba, maana kazi ingekuwa kubwa mno na nafasi ya mashine ni ndogo. Kwa hiyo walijenga ndani ya majengo machache yaliyowekewa alama ya njano, na kwingine kote wakachora tu mlango ukutani. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo humo ndani hamna mtu."

Mlango uliochorwa ukutani. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu nataka tutoke nalo kwenye gemu na kuingia nalo katika maisha yetu.

Mjomba wangu analima mpunga Bahi. Mnakumbuka kwamba mwaka 2019 tulitakiwa sote kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Muda wa mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Naiunga mkono nia ya zoezi lile. Ni nani hapa ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Anyooshe mkono. Mnaona? Hakuna. Wezi wale walijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe, na ilikuwa lazima kitu kifanyike.

Mjomba alikuja mjini kwa basi la alfajiri. Namba yake ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote ishirini, ilikuwa imeandikwa na binti yake kwenye jalada la daftari la shule. Nilimsindikiza mwenyewe. Mashine ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina kioo juu na taa nyekundu chini yake. Mjomba akaweka kidole gumba cha kulia. Haikusoma. Akaambiwa abonyeze kwa nguvu kidogo. Haikusoma. Dada aliyekuwa akihudumia alikuwa mpole sana, na nataka hilo lifahamike. Alichukua kitambaa chenye maji akampangusa, akampaka mafuta, akamshika mkono na kumbonyezea kidole yeye mwenyewe, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kalamu. Cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha mkono wa kushoto wote. Vidole kumi, na mashine ikavikataa vyote kumi, huku foleni nyuma yetu ikiguna.

Mashine zile husoma mistari midogo iliyo kwenye ngozi ya ncha ya kidole. Mpini wa jembe, matope ya majaruba, saruji, sabuni kali na umri wenyewe, vyote huisaga mistari hiyo. Mjomba alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu, akasema, "Alama zangu nimeziacha jarubani." Kisha akakusanya daftari lake, tukatoka.

Laini yake ilifungwa. Fedha za mpunga zilikuwa humo, na zilichukua wiki tatu za kwenda na kurudi mpaka zikapatikana. Mwishowe alipewa laini iliyosajiliwa kwa kidole cha binti yake, na hadi leo mzee wa miaka sabini na mbili, aliyelima tangu kabla ya Azimio la Arusha, hana namba ya simu iliyo kwa jina lake. Binti yake ni mwaminifu, namshukuru Mungu. Lakini wangapi wana watoto wasio waminifu?

Nani alikosea? Si yule dada. Si mjomba, ambaye kosa lake ni kulima. Alikosea yule aliyeuchora mlango akiwa ameketi mahali fulani, akidhani kwamba kila atakayeufikia atakuwa na kidole laini kama chake, na asijiulize huyu wa vidole vilivyosagika ataelekezwa wapi. Ndiyo maana mtu akinisifia mfumo mpya wa huduma, siulizi umehudumia watu wangapi kwa saa. Nauliza uliyemkataa alipelekwa kwa nani, na je, huyo nani alikuwepo ofisini?

Na lile neno tunalolisikia kila dirishani, "mfumo uko chini", nalo tulizoee? Zamani ukifika ofisini usipohudumiwa, ulijua ni fulani amekataa, ukaweza kumwuliza sababu, hata ukaweza kumshitaki kwa mkubwa wake. Leo hakuna aliyekataa. Mfumo uko chini, na mfumo hauna sura, hauna chumba, hauna mkubwa. Umebonyeza kitufe cha pembetatu mbele ya mlango wa kuchorwa, na humo ndani hamna mtu. Mimi sitaki turudi kwenye majalada yenye vumbi na rushwa ya kutafutiwa faili. Nataka kila mlango wa mtandaoni uwe na mtu nyuma yake, mwenye uwezo wa kuufungua kwa mkono pale mashine inaposhindwa.

Jambo jingine ni ramani, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa linaihusu nchi yetu hii ya Ugogo.

Baadhi ya gemu za dunia wazi, na hasa zile za kampuni ya Ubisoft, zilizoea kukupandisha juu ya mnara, na ukifika juu ramani nzima inajaa alama: hapa kuna sanduku, pale kuna adui, kule kuna unyoya wa kuokota. Tangu hapo mchezaji haitazami nchi tena, anazitazama alama. Nimewaona vijana wakicheza saa arobaini za gemu ya namna hiyo, na ukiwauliza mto uko upande gani hawajui. Kwangu mimi hizo ni gemu dhaifu, hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Linganisheni na Breath of the Wild ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2017. Nayo ina minara, lakini mnara unakuonyesha umbo la ardhi tu. Alama unaziweka wewe mwenyewe, kwa kile ulichokiona kwa macho yako. Mchezaji wa gemu ya kwanza anaongozwa. Mchezaji wa gemu ya pili anaijua nchi.

Sasa, wanaotoka Kongwa wapo hapa? Nawaona. Ninyi mnajua ninakokwenda.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe wa wataalamu kutafuta mahali pa kulima karanga. Ujumbe ule ulizunguka kwa wiki chache, ukiitazama nchi sehemu kubwa kutoka angani, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, yakaletwa hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Mizizi ya vichaka na mibuyu ikayavunja majembe. Udongo, ambao wakati wa masika ulionekana laini, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga, kama mnavyojua, huzaa chini ya udongo; zilikomaa zikabaki mle ndani. Mvua nayo ikaja ilivyotaka. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilifika takriban pauni milioni 36 za wakati ule.

Je, kulikuwa na siri gani hapo? Hakuna siri hata moja ambayo bibi zetu hawakuijua. Walilima uwele na mtama kwa sababu huvumilia ukame, wakafuga ng'ombe kama akiba ya mwaka mbaya, na walijua kwa kukanyaga ni udongo upi unabana na upi unaachia. Wataalamu wale walikuwa na ndege, na waliitazama Kongwa kutoka juu ya mnara wakaijaza alama. Kilichokosekana ni kushuka chini na kumwuliza mwanamke mwenye jembe.

Nawaambia haya kwa sababu jiji letu linachorwa upya kila mwezi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na mpango mkuu wa kwanza, wa mwaka 1976, uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi. Aliyevuka barabara kuu wiki hii akiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani ajiulize kama wazo hilo limebaki. Leo tuna treni ya mwendokasi tangu mwaka 2024, tuna Mji wa Serikali kule Mtumba, tuna lami mahali palipokuwa na miiba, na mimi nayafurahia yote hayo. Ila kila ramani mpya ikibandikwa ofisini, nataka kujua ni nani aliyeshuka chini akauliza.

Na ikifanyika vizuri tuiseme, maana haki ni kusema pande zote. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliendesha zoezi la anwani za makazi. Hapa mtaani kwetu vijana walipita nyumba kwa nyumba pamoja na wajumbe, kwa miguu, kwenye jua hili la Dodoma mnalolijua. Kulikuwa na mabishano juu ya majina ya barabara, wazee wakataka jina lao, vijana wakataka lao, tukakubaliana. Miezi michache baadaye jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Mumewe alikuwa safarini. Zamani angemwelekeza dereva wa bajaji kwa maneno tunayoyajua: ukifika kwenye mbuyu kata kushoto, ukiona nyumba yenye geti la bluu umepitiliza. Usiku ule aliwasha tochi ya simu, akasoma jina la barabara na namba iliyo ukutani, akazituma kwa ujumbe, na bajaji ikafika. Mtoto yule leo anatembea, na mama yake yuko mstari wa tatu hapa. Kibao kile cha bati kilifaa kwa sababu waliokiweka walipita mtaani na kubishana na sisi.

Kuna mlango mwingine ambao nitaupita haraka, nao ni ule unaofunguka kuelekea kwako. Kijana mmoja anayeuza mitumba aliniletea simu yake akaniomba niifute kila kitu. Alikuwa amekopa shilingi elfu thelathini kupitia programu ya mkopo ya simu. Programu ikamwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, naye akabonyeza "kubali", kama sote tunavyobonyeza. Alipochelewa siku mbili, ujumbe ukaenda kwa mchungaji wake, kwa mwenye fremu yake, na kwa mama mkwe, ukiwaambia kwamba wao ndio wadhamini wa mdaiwa sugu. Alikuwa akitetemeka. Kufuta simu hakukusaidia kitu, maana majina yalikwisha kuondoka. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Walimu, naomba mambo haya yafike darasani. Mtoto anayejua kusoma ajue kusoma kile anachokikubali.

Na hapa nalijibu swali lenu la mwanzo. Ndiyo, zipo gemu zinazoharibu watoto, na mara nyingi siyo zile mnazoziogopa. Ziogopeni zinazomfundisha mtoto kutoa hela ili afungue sanduku asilojua lina nini. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari, na mimi naona zilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu hayana tofauti na yale mashine ya dubwi yanayomeza sarafu za mia mbili kwenye vibaraza vya maduka yetu, ambako nimeona watoto wenye sare za shule wamesimama. Sheria inasema miaka kumi na minane. Sote tunapita pale. Nani kati yetu amewahi kusimama akasema?

Lakini gemu ya dunia wazi, inayolingana na umri wake, kwa saa zinazojulikana, siioni kuwa adui wa mtoto. Nawaomba wazazi jambo moja tu: kaa naye nusu saa umwambie akutembeze. Usimwulize anashinda au anashindwa. Mwulize anapenda kwenda wapi, na kwa nini huko.

Nimalizie na kazi tuliyoianza, kwa sababu sikuja na maneno matupu. Mwaka 2012 kampuni ya Mojang ya Sweden, iliyotengeneza gemu ya Minecraft, iliungana na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake ni Nairobi, kuanzisha mradi wa Block by Block. Katika Minecraft kila kitu hujengwa kwa matofali ya mraba, na hata asiyejua kuchora anaweza kujenga. Wakazi walikaribishwa wajenge kwenye kompyuta uwanja au bustani wanayoitaka, kisha wataalamu wa mipango miji wakafanya kazi kutoka hapo. Miongoni mwa kazi za mwanzo ulikuwamo uwanja wa Kibera, jirani zetu kabisa.

Sisi tumeanza kidogo. Nimefufua kompyuta nne za zamani, tukaweka Luanti, gemu ya bure inayofanana na Minecraft na isiyohitaji mashine ya gharama. Wanafunzi tisa walikwenda kwenye eneo la wazi lililobaki nyuma ya shule ya msingi, wakalipima kwa hatua, wakahesabu miti, wakalijenga lote humo: uwanja, vivuli, bomba la maji, vyoo, chumba cha kusomea. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye bibi yake anatumia kiti cha magurudumu, alijipa kazi ya kupita kila jengo na kusukuma kila mlango. Mlango wa choo aliukuta mwembamba, akaupanua. Alipofika kwenye chumba cha kusomea kilichojengwa na wavulana, akakuta mlango mzuri umewekwa ukutani, na nyuma yake hakuna chumba, ni matofali matupu. Hakugombana nao. Alivunja ukuta, akachimba chumba, akaweka meza mbili na dirisha, kisha akawaita waje waingie.

Wazee watatu wamekwisha kuja kutazama, wakawaambia watoto kwamba maji ya masika hupita upande wa magharibi, nao wakavihamisha vyoo siku hiyohiyo. Mbuyu nao umekaa pasipo pake; nadhani unatakiwa usogee kuelekea barabarani, lakini sina hakika, na wapo hapa waliocheza chini yake. Mkutano wa mtaa ni Jumapili ya wiki ijayo saa nne asubuhi, na mwenyekiti ameniahidi kwamba watoto watapewa robo saa ya kuonyesha kazi yao. Kompyuta ziko pale kwenye meza, mkono wa kulia mnapotoka. Piteni kabla hamjaenda nyumbani, wawatembeze, na muwaambie walipokosea.